Kitufe cha Kuficha

Akina mama wenzangu, mtoto akilia mnyonyeshe papo hapo, usitoke nje. Habari hii si ndefu.

Palikuwa na karani mmoja wa chama cha wafugaji wa maziwa, mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Kazi yake ilikuwa kuchapa mihtasari ya vikao kwenye kompyuta. Kwa kuwa alipenda kujiandikia vikumbusho katikati ya maandishi, fundi wa kompyuta alimtengenezea kitufe kwenye ule mstari wa vitufe ulio juu ya kioo. Maneno asiyotaka yaonekane anayawekea alama. Akibofya kitufe, yanatoweka. Akibofya tena, yanarudi. Karatasi ikichapwa inatoka safi.

Mwanzoni aliandika, "Uliza tarehe," au "Hakikisha jina." Lakini moyo ukishapata pa kujificha, hutulia? Taratibu akaanza kuandika mengine. Mwenyekiti akisema jambo, yeye chini yake anaandika, "Koti ni lile lile la harusi yake." Aliyeandikwa zaidi ni mhazini, mama mtu mzima aliyepata kiharusi, ambaye maneno yalimtoka kwa shida. "Huyu akianza neno asubuhi, atalimaliza jioni." Kisha anabofya, kioo kinakuwa cheupe, anacheka peke yake.

Na mhazini huyo ndiye aliyempakata mtoto wa karani kila kikao, ili mama yake achape kwa mikono miwili.

Basi mtoto akashikwa na homa, karani akashinda naye zahanati. Aliporudi kazini siku iliyofuata alikuta wajumbe wameshakaa, na ukutani, kwa projekta, muhtasari wake umetandazwa kama shuka. Siku hiyo mwenyekiti hakutaka karatasi. Mkono wake mwenyewe ulikuwa kwenye kompyuta.

"Karibu, karani. Mtoto hajambo?"

"Hajambo kidogo, Mwenyekiti. Naomba nikae hapo nikusaidie."

"Pumzika tu, mama, umekesha na mgonjwa. Nami nimejifunza." Kishale kikatambaa juu ya ukuta, kikasimama kwenye kitufe. "Hiki nacho ni cha nini?"

Karani aliiwaza kazi yake, maana mwenyekiti huyu alishamfukuza mpima maziwa kwa jibu moja la jeuri. Kisha akamtazama mhazini. Mama yule alikuwa ameshanyoosha mikono kumpokea mtoto. Karani akawaza, "Atayasoma maneno yale huku amempakata mwanangu." Niambieni, angekimbilia wapi?

Mwenyekiti akabofya.

Ukuta haukubadilika. Akabofya tena. Hakuna kitu.

"Kitufe kibovu hiki," akasema, akaendelea kusoma.

Wakati wa chai karani alimfuata mhazini jikoni.

"Mama, jana nani alifungua muhtasari wangu?"

"Mimi, mwanangu. Niliupanga... vizuri... usije ukakuta kazi."

"Ukabofya kile kitufe?"

"Nilidhani kinakuza herufi. Macho yangu unayajua."

Karani hakuweza kuinua uso. "Ukasoma yote?"

"Nikafuta yote. Yangu nikayafuta mwisho." Akamsogezea kikombe. "Nilitaka kujua... watu wananisikiaje. Kunywa chai, itapoa. Mtoto ninaye."

Wapendwa, sisi nasi tunavyo vitufe vyetu. Lile tabasamu la pale mlangoni ni kitufe. "Nakuombea, dada" nayo, siku nyingine, ni kitufe. Tunabofya, kioo kinakuwa cheupe, tunadhani tumesafika. Kumbe tumeficha tu. Yote yamo, yanangoja mkono wa mtu mwingine. Hilo litutishe.

Lakini mimi mhazini ananitisha zaidi. Kama lile faili tungelifungua sisi, tungefanya nini? Tungelipiga picha kwa simu. Kabla chakula cha mchana hakijaiva, kundi zima lingekuwa limesoma, na wengine wametia vikaragosi vya kucheka. Yule mama alikaa peke yake na maneno yaliyomchoma, akayafuta moja moja, na kesho yake akampokea mtoto.

Ndivyo Mungu alivyotufanyia. Tulikuwa tukimwomba atufichie. Yeye amesoma yote, hata yale yanayomhusu mwenyewe, akafuta.

Sasa hapa ndani yupo mtu ambaye umesoma aliyoyaandika juu yako. Unamjua. Leo umechagua kukaa mbali naye. Mtoto wake analia, na mikono yake imejaa.

Nyoosha yako.