Unene wa Shina

"Unene wa shina si kiazi," alisema Shangazi Wande, tulipokuwa tukikata viazi vya kuanika huku tukimsifia kijana mmoja kwa kifua chake. Tulicheka, kisha tukamwuliza msemo huo umetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, akasema.

Nyanzobe aliolewa kwa Mama Lushinge, mwanamke aliyesifika kwa viazi vitamu. Desturi ilikuwa mama mkwe humpa mkamwana marando, vipande vya mashina ya viazi, ya kupanda, naye huyapokea kwa mikono miwili bila kuyakagua. Kukagua zawadi ya mkwe ni kumtukana. Kwa kuwa watu waliamini shina lililovimba lina nguvu, Mama Lushinge alimchagulia mkamwana wake yale manene. Mwenyewe alijipandia membamba yaliyobaki.

Nyanzobe akavuna vijiti kama mikia ya panya. Msimu uliofuata, vilevile. Maneno yakaanza: mkono wake mbaya, arudishwe kwao akafundishwe kushika jembe.

Basi akawa anakaa kando ya matuta anatazama. Wadudu wembamba wenye mabawa kama kioo walikuwa wakitua kwenye marando. Wenzake waliwakimbia wakidhani ni nyigu. Yeye alikaa, wala hakuumwa. Aliwaona wakitaga mayai, na pale walipotaga, baada ya muda shina likavimba.

Wakati wa kupanda, mama mkwe alileta mzigo mwingine, akasema huo ni wa mwisho. Akishindwa tena, abebe jembe lake aende.

Nyanzobe alipiga magoti, lakini hakunyoosha mikono.

"Mama, nakuomba unipasulie moja."

"Nani kakufundisha kupasua mbegu?"

"Hakuna, Mama. Ila nikipasua mimi, watasema nimekutukana. Pasua wewe."

Mama Lushinge alinuna, akachukua kisu, akapasua lililo nene kuliko yote. Ndani alilala funza mweupe, kajizungushia unga wa alichotafuna. Akapasua lingine. Humo pia funza yumo.

Alikaa chini pale pale.

"Kumbe nilikuwa nakugawia njaa, mwanangu," alisema. "Tena nakuchagulia iliyonona."

Mzigo ule akauchoma. Akaenda shambani kwake mwenyewe kukata marando membamba, akarudi nayo kichwani mchana kweupe, akipita mbele ya waliokuwa wakimsema Nyanzobe. Walipomwuliza mbona anampa mkamwana vikonde namna hiyo, hakusimama kuwajibu. Alisema huku anatembea:

"Unene wa shina si kiazi."