Mtu Huyo Ana Jina

Sogeeni, wajukuu zangu, na mikono yenu isilale. Kila mmoja achukue hindi lake apukuchue, masikio mniachie mimi. Kulikuwa na wakati, na wakati huo haukuwa wangu wala wa bibi yangu aliyenisimulia. Ulikuwa wakati ambao milima hii ya Upare ina chui wengi kuliko watu, na mtu akipotea hatafutwi, analiliwa tu. Semeni: ulikuwepo. Haya. Ulikuwepo.

Wakati huo ikaja njaa. Si njaa ya kukosa sukari kwenye chai, maana ninyi mkikosa sukari mnanuna siku nzima. Njaa yenyewe. Watu walichemsha ngozi za kulalia wakanywa maji yake. Walichimba mizizi ya migomba, nayo ikaisha. Ndipo ndugu akaanza kumtazama ndugu yake kama anavyomtazama mbuzi.

Katika kijiji kimoja cha juu alikaa mjane aitwaye Nasemba na binti yake wa pekee, Nakundwa. Mtoto mdogo huyo, meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota upya. Baba yake alikuwa amekufa, kwa hiyo mwenye sauti katika nyumba ile akawa baba yake mdogo, Senkondo, mtu wa maneno laini, mtu wa kusalimia watu hadi watoto wao.

Asubuhi moja Senkondo alikuja akamwambia shemeji yake kwamba bondeni, kando ya mto, ameona mboga zimechipua. Ampe mtoto wakachume pamoja. Nasemba akampa. Kwa nini asimpe? Yule ni baba yake. Mtoto akateremka mlima ameshikwa mkono, anaimba.

Bondeni hapakuwa na mboga. Palikuwa na msafara wa wafanyabiashara wanaokwenda pwani, na makanda ya mtama. Mmeelewa, au niwatafunie? Alimuuza. Alimuuza mtoto wa kaka yake kwa chakula. Nakundwa alipogeuka kumtazama, Senkondo alikuwa ameinama anafunga mdomo wa kanda lake. Hakuinua uso.

Kisha akapanda mlima peke yake, akajitupa chini mlangoni kwa shemeji yake, akalia kwamba mtoto ameteleza, mto umemchukua. Kijiji kizima kililia pamoja naye. Walimpa pole. Pole, nasema! Na Nasemba, kila kulipopambazuka, akawa anateremka mtoni anatembea ukingoni, anaita jina la mwanawe, anachungulia chini ya mawe. Njaa ikapita, mvua ikanyesha, watu wakavuna, yeye bado anaita. Akafa hivyo. Hapo ndipo panaponichoma mimi. Mtoto alikuwa hai, na mama alikufa akimtafuta majini.

Sasa tumfuate Nakundwa. Huko pwani alitwanga, alichota, alifua nguo za watu, alipigwa, akakua. Akaja kutoroka, na kwa njia ndefu nisiyoweza kuisimulia leo akafika katika nyumba ya watu wa dini waliopokea watoro kama yeye. Pale alijifunza kusoma, akabatizwa. Pale aliambiwa kwamba Mungu ni pendo, na kwamba tumpende hata adui. Aliamini. Lakini sitawadanganya, wajukuu zangu: aliamini huku hasira ikiwa kifuani, vyote viwili, kama mwanamke anavyobeba mtoto mgongoni na kuni kichwani. Watu wa dini walipotuma tena wainjilisti milimani, aliomba aende nao. Wakadhani ana bidii ya Injili. Bidii alikuwa nayo, lakini alikuwa anarudi kwa mama yake.

Alipofika kijijini watu walikimbia. Walidhani ni mzimu. Ajuza mmoja tu ndiye aliyemsogelea, akamshika mashavu, akapapasa kovu la moto alilolipata utotoni nyuma ya sikio, akaanza kulia. Ndiye aliyemweleza habari za mama yake, na za mto, na za kuita. Nakundwa alisikiliza hadi mwisho. Akauliza ni nani aliyesema mto umemchukua. Akaambiwa.

Na Senkondo yuko wapi? Senkondo alikuwa mzee wa kanisa. Ndiyo. Msicheke. Injili ilikuwa imefika kabla ya Nakundwa, na Senkondo alikuwa wa kwanza kutoa kiwanja, wa kwanza kukata miti ya kujengea, na sasa alikaa benchi la mbele, anafunga macho wakati wa sala kuliko mtu yeyote.

Nakundwa alisimama mbele ya wazee akasema maneno machache. Alisema hakuzama, aliuzwa, na aliyemuuza ni yule pale. Senkondo alitikisa kichwa kwa huzuni. Akasema anamhurumia dada huyu. Njaa ile iliwavuruga watoto wengi akili, na yeye binafsi aliona mtoto wa kaka yake akichukuliwa na maji. Hapakuwa na shahidi. Wazee walitazama chini. Walikuwa wamekaa na Senkondo miaka mingi, wamekula kwake.

Mwalimu wa kanisa lile, Zefania, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa amani, na mtu anayependa amani kupita kiasi anaweza kukuumiza kuliko mgomvi. Alimfuata Nakundwa alikofikia, akamkumbusha kwamba upendo hauweki kinyongo, kwamba Bwana mwenyewe alisamehe pale msalabani, kwamba kanisa ni changa na maneno haya yanalitikisa. Akamsihi amsamehe mzee yaishe.

Nakundwa alikuwa anapepeta. Aliweka ungo chini. "Mwalimu, yeye anasema hakufanya kitu," alisema. "Sasa nimsamehe nini?"

Zefania akaaga akaondoka, na mtu aliyeshindwa na swali mara nyingi hutafuta adhabu. Jumapili iliyofuata alitangaza kwamba mwenye moyo mgumu asikaribie meza ya Bwana, na watu wote wakageuza shingo kumtazama Nakundwa. Wakamsogeza, kidogo kidogo, mpaka akawa anakaa mlangoni, mahali mbwa hupita. Mnaona? Aliyeuza anakula meza ya Bwana, aliyeuzwa anakaa na mbwa. Angekuwa mwingine angeondoka. Nakundwa kila Jumapili alikuja, akakaa pale mlangoni, akaimba, tena kwa sauti. Alijenga kibanda katika kiwanja cha mama yake, akalima shamba la mama yake. Na usoni hakucheka na mtu.

Ikapita miaka. Senkondo akapata kidonda mguuni. Kidonda kibaya kile, cha kunuka, kinachokula nyama hata mfupa uonekane. Mkewe alikuwa amekufa. Wanawe walimjengea kibanda pembeni, wakawa wanamwekea chakula mbali na kumwita kwa sauti. Halafu wakasahau siku moja, wakasahau nyingine. Wazee wenzake wa kanisa walikuja kumwombea wamesimama nje, wameziba pua kwa nguo zao.

Nakundwa alisikia. Siku hiyo alilima tangu alfajiri bila kupumzika, anapiga jembe kama anayepigana na ardhi, na wapitao njiani walimsikia akizungumza. Alikuwa anasali. Alimwambia Mungu hivi: mimi simpendi mtu huyu, umeniamuru nimpende, basi mikono hii hapa nakupa, moyo siwezi kukuahidi. Akanawa, akapika uji, akaenda.

Aliingia ndani ya kile kibanda. Ndani, si mlangoni. Akachemsha maji na majani ya dawa, akaosha kidonda, akakifunga. Senkondo alikuwa amegeukia ukutani. Nakundwa alipomaliza akaweka kata ya uji karibu na mkono wake.

"Baba mdogo," akamwuliza, "mimi ni nani?"

Senkondo akajibu kwamba yeye ni msamaria mwema.

Nakundwa akangoja anywe, akachukua kata tupu akaondoka.

Kesho yake akarudi. Akaosha kidonda, akaweka uji. Baba mdogo, mimi ni nani? Akajibu kwamba yeye ni Mkristo wa kweli. Akachukua kata, akaondoka. Siku iliyofuata, vivyo hivyo. Mimi ni nani? Akaitwa malaika. Akaitwa mtu wa huruma. Akaitwa kila jina zuri duniani, isipokuwa jina lake.

Habari zikaenea kwamba Nakundwa amesamehe. Mwalimu Zefania akaja kwake ana furaha, anataka kulitaja jambo hilo katika mahubiri. Nakundwa akamtazama mpaka furaha ile ikamwishia usoni.

"Sijasamehe," akamwambia. "Nimepeleka uji. Mtu mwenye njaa hupewa chakula, hata akiwa mwongo. Usiende kuhubiri nisichokisema."

Watoto, kuna watu watawaambia kwamba ukitenda wema ukiwa umekasirika, wema huo haufai. Waulizeni walioleta wema wao wamesimama nje wameziba pua. Kidonda cha Senkondo hakikuuliza moyo wa Nakundwa ukoje. Kiliosheka. Kikaanza kupona.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Senkondo akaja kanisani anajikongoja na fimbo, na watu wakafurahi, wakampisha mpaka mbele. Akaomba nafasi aseme neno. Akashukuru Mungu, akashukuru kanisa. Kisha akasema maneno ambayo hata leo mnayasikia, kila mtu anapotaka kutoka salama. Alisema, "Na kama kuna mtu yeyote nilimkosea, anisamehe."

Kanisa zima likaitikia amina. Watu walifuta machozi. Mwalimu Zefania akafungua kinywa kuanzisha wimbo.

"Mwalimu, wimbo ungoje." Nakundwa alikuwa amesimama pale mlangoni. Hakupaza sauti. "Baba mdogo, mtu huyo ana jina."

Shingo zote zikageuka. Zefania alimwinulia mkono kumwashiria akae. Hakukaa.

"Ana jina," akasema tena, "na mama yake ana jina. Yataje, kisha nitaitikia amina."

Senkondo alisimama anaegemea fimbo yake. Watu walimwona anatazama mlango, lakini mlangoni ndipo alipokuwa Nakundwa. Alitazama benchi lake. Watoto wakaanza kulia, na wengi walidhani ataanguka. Hatimaye akasema, "Nakundwa." Akainua uso. "Nakundwa, binti wa Nasemba. Mto haukukuchukua. Nilikuuza."

Na kinywa kile kilipofunguka hakikufungika tena. Akaeleza mboga, msafara, mtama. Kisha akaeleza jambo ambalo Nakundwa mwenyewe hakulijua, ambalo katika hasira yake yote hakuwahi kulifikiria. Mtama ule, alisema, alimpelekea Nasemba sehemu. Alimhurumia, alisema. Na Nasemba aliusaga, akapika, akala, akamwombea baraka kwa wema wake.

Nakundwa alitoka nje. Aliinama kwenye nyasi akatapika. Hakuna aliyethubutu kumfuata, isipokuwa Zefania. Mwalimu yule alikuja akapiga magoti katika nyasi zile zile, na kanzu yake, akamwambia kwamba alimtaka anyamaze akauita ukimya huo upendo, na kwamba amekosa mbele ya Mungu na mbele yake yeye Nakundwa, binti wa Nasemba.

Nakundwa alifuta mdomo. "Sasa kipo cha kusamehe," alisema. "Lakini si leo. Leo niacheni."

Kesho yake alipeleka uji. Aliosha kidonda. Hakuuliza tena yeye ni nani. Senkondo aliacha uzee wa kanisa, akawa anakaa chini kama watoto. Wazee walimwita Nakundwa benchi la mbele, akawajibu kwamba makalio yake yamezoea mlangoni, na wao waje wakae huko wajue baridi yake.

Na kusamehe? Kulichelewa. Kulipita palizi na mavuno, na palizi tena. Mpaka asubuhi moja yuko shambani anapanda maharage, akashtuka kwamba tangu kuamka hajagombana na Senkondo moyoni mwake hata kidogo. Aliacha jembe. Akaenda moja kwa moja, udongo mikononi, mpaka kile kibanda.

"Baba mdogo, nimekusamehe," alisema. "Nimekuja mbio kukuambia kabla hasira haijarudi."

Senkondo alimshika mkono wenye udongo akauweka juu ya kichwa chake. Walikaa hivyo. Bibi yangu alisema hasira ilirudi kweli, mara nyingi tu, na kila iliporudi Nakundwa alisamehe upya, mpaka mzee yule alipokufa, na mpaka yeye mwenyewe alipozeeka.

Basi shikeni hili, na mlishike sawasawa. Mtu asiwaambie kwamba unyenyekevu ni kumeza uongo wa mkubwa. Mnyenyekevu wa kwanza anatakiwa kuwa aliyekosa. Wewe uliyekosa, nenda kataje jina. Nawe uliyekosewa, peleka uji hata kama hasira ingali kifuani, wala usichoke. Na ninyi wa katikati, wenye haraka ya kuanzisha wimbo, ngojeni.

Kisa changu nimekitua. Aliye na bega akibebe, asiye na bega akiache hapo, wenye mabega watapita. Haya, mahindi hayajaisha.