Kilio cha Nyamizi

Hapo zamani, si zile za sungura na fisi, ni hizi za juzi ambapo picha zinatembea ukutani, palikuwa na wanawake wawili Kisarawe. Mmoja Semeni, Mzaramo. Wa pili Nyamizi, Mnyamwezi. Watani hao! Wakikutana sokoni, huyu anasema, "Mchukuzi wewe, mzigo wako uko wapi?" Huyu anajibu, "Nimeutua nikubebe wewe, mvivu wa minazi!" Wanacheka mpaka khanga zinafunguka.

Mume wa Nyamizi akafariki. Nyamizi hakulia kama wengine. Alikaa mkekani, akafumbua kinywa, sauti isitoke. Mkono unalainisha khanga gotini, unalainisha, unalainisha, kama anayemtandikia mtu kitanda. Waliomwona walitamani apige kelele, nao wapumue.

Sasa mtani ana kazi yake msibani. Semeni akavaa koti la marehemu, akaburuta mguu kama yeye, akaulizia ugoro wake. Watu wakacheka na machozi yao. Kisha akaketi mbele ya mjane, akamwigiza yeye mwenyewe: kinywa wazi, sauti hakuna, mkono gotini. Nyamizi akacheka, mara ya kwanza tangu afiwe.

"Ee mtani, ndivyo nilivyo? Hebu rudia!"

Semeni akarudia. Matanga yakaanuliwa, koti akalirudisha.

Semeni huyo alikuwa akiigiza vijisehemu kwenye filamu: leo muuza maandazi, kesho jirani mmbeya. Akaja mwongozaji mmoja, Tindo, akampa sehemu ya mama aliyefiwa na mwanawe. "Lia, Bi Semeni!" Akalia. "Hiyo kwikwi." Akalia tena. "Hayo mafua, bibi!" Semeni akayatafuta machozi yake, hakuyapata. Basi akafumbua kinywa, sauti isitoke, mkono ukaanza kulainisha khanga gotini. Mshika taa akageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Filamu ilipotoka, steringi, yule mwigizaji mkuu, akasahauliwa. Redioni ni Semeni, vibarazani ni Semeni. "Tuzo ya mwigizaji msaidizi haina mwingine!" Wengine wakanuna: "Kachungulia kama mwezi wa mawingu, sifa utadhani kabeba filamu nzima?" Semeni akacheka nao wote. Sifa tamu.

Halafu kaka yake Nyamizi akafa. Semeni akaenda kuzika. Nyamizi akakaa mkekani, akafumbua kinywa. Nyuma yake wanawake wakagusana viwiko.

"Mwone! Anamwiga Semeni wa kwenye filamu."

"Hana haya? Msiba wa kaka yake!"

Nyamizi akasikia. Mkono ukasimama gotini. Akafunga kinywa, akameza, kisha akapiga yowe kama watu wote, yowe la kuazima.

Semeni naye alisikia. Neno lilimjia mdomoni: kilio ni chake, mimi ndiye niliyekichukua. Halikutoka. Alijifunika khanga usoni, anawaka kwa aibu. Na wale wanawake wakanong'ona, "Mnaona anavyoguswa? Ndiyo maana wanamsifu." Laiti ardhi ingepasuka!

Tuzo ikaja, kisanamu cha shaba. Semeni hakulala nacho. Akakipeleka kwa Nyamizi, akakiweka mkekani. Tindo akasikia, akawafuata mbio.

"Hapana, Bi Semeni! Kwenye filamu yote ulisimama kama mchi kinuni. Maneno yako yote niliyakata, nikabakiza kile kimya tu. Kama si mimi, nani angekuona?"

Semeni akasema, macho chini, "Mtani, msibani tulikuwa wengi. Nani mwingine alikutazama mpaka akajua mkono wako unatandika kitanda? Nilikutazama kwa kukupenda. Na wewe ulisema, rudia."

"Nilisema," Nyamizi akajibu. "Nilisema msibani. Ruhusa ya mtani huisha matanga yakianuliwa. Koti ulilirudisha, kilio ukaenda nacho. Kaka yangu nimemlilia kwa sauti isiyo yangu, nawe ulikuwepo, umejifunika."

Nyamizi akakitazama kile kisanamu.

"Sasa unaniletea hiki. Nikikipokea, watasema kweli naigiza. Nikikikataa, umeshinda, kilio kitabaki chako. Nifanyeje, Mzaramo wewe?"

Na kisanamu kikabaki pale mkekani, katikati yao watatu, hakuna aliyenyoosha mkono.

Haya, mnaosikiliza, msinitazame mimi. Yuko aliyeona kwa jicho, yuko aliyechagua na kukata, yuko aliyefiwa. Je, nani alistahili kukiinua? Na ile aibu, je, ni ya Semeni peke yake, au hata yetu sisi tuliopiga makofi?