Bega la Mtoto wa Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Mmekaa vizuri? Wakubwa, sogeeni kidogo, watoto nao waone.

Hapo zamani za kale, kwenye jabali moja kubwa, aliishi Bi Pimbi na mwanawe wa pekee, Tunu. Mtoto huyo kwa udadisi! Hiki nini? Kile kwa nini? Siku moja akaona ufa juu ya jabali. Akataka kujua mna nini ndani. Akapanda. Akachungulia. Akateleza. Puu!

"Mama wee! Bega langu!"

Bi Pimbi akaja mbio. Lo! Mkono unaning'inia. Bega limeteguka. Palipokuwa na mviringo pamebonyea.

Akafika Nyani, jirani yao. "Nipishe, Bi Pimbi. Hapa ni kuvuta tu."

Akaushika mkono, akavuta kwa nguvu. Tunu akapiga yowe, ndege wakaruka mitini. Bega halikurudi ng'o.

"Navuta tena," akasema Nyani. "Safari hii kwa nguvu zangu zote."

Bi Pimbi hakuwahi kumkatalia Nyani jambo. Akamtazama mwanawe. "Hapana, kaka. Basi."

Akaenda kumwita Kakakuona, fundi wa viungo. Huyo anakuja, polepole, kucha ndefu, magamba yanalia cha, cha, cha. Tunu akajibanza kwa mama yake.

"Nionyeshe mkono mzima," akasema Kakakuona.

Nyani akaangua kicheko. "Mzee, mgonjwa ni ule pale!"

"Najua. Lakini huu mzima ndio utakaoniambia mwenzake alikuwa anakaa vipi."

Tunu akasahau kulia. "Kwani mkono unasema?"

"Unasema. Tusikilize."

Akapapasa bega zima. Akapapasa lililoteguka. Akamgusa vidole, kimoja kimoja, kujua kama vinahisi. Kisha akamlaza kifudifudi ukingoni mwa jiwe, mkono ukaning'inia chini. Akafunga kibuyu kitupu kwenye kifundo cha mkono. Akatia maji kidogo. Akangoja. Akatia tena kidogo. Akangoja.

"Babu, mbona huvuti?"

"Nyama za bega zimeogopa, zimejikaza. Ukizivuta, nazo zinakuvuta. Maji hayana haraka. Pumua, mjukuu wangu."

Tunu akapumua. Maji, kidogo. Jua likasogea. Nyani akapiga miayo. Bi Pimbi akauma midomo. Maji, kidogo. Tunu akatazama kibuyu kikizunguka taratibu, huku, kule, huku. Mara...

Ko!

"Limesema!" akapaza sauti Tunu. "Mama, bega limesema!"

Kakakuona akaufunga mkono kifuani kwa gome la mgomba. "Usipande jabali mpaka mwezi huu ufe, mwingine uandame."

Hapo ndipo Bi Pimbi alipolia, machozi aliyoyazuia tangu mwanzo.

Nyani akainamisha kichwa. "Niwie radhi, dada. Nilidhani nguvu ni dawa." Kisha akanong'ona, "Mzee, hebu nifundishe nami. Unasikilizaje?"

Kakakuona akakichukua kiganja cha Nyani, akakiweka juu ya bega zima la Tunu.

"Usivute," akasema Tunu. "Ngoja likwambie."

Ndugu zangu, kiungo kilichotoka mahali pake hakirudi kwa papara. Hurudi kwa mkono wa anayejua, naye awe na subira.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Mwenye swali, na aulize.