Senkondo, Mlinzi wa Kwanza wa Mtengo

Zama zile Wakirindi walipokuwa wangali wageni wa nchi hii, hawajazika bado mtu hata mmoja chini ya mlima Ivuga wala hawajaupa mto Rufuwe jina, alizaliwa Senkondo mwana wa Kadeghe, Kadeghe mwana wa Mrutu, Mrutu yule aliyewavusha watu wetu mto akiwa amebeba moto ndani ya chungu. Nasema Senkondo, mwenye kifua cha jabali, Mshika Nyayo, Bega la Waliopotea, ambaye sisi sote tulioketi hapa tunaishi kwa jasho lake, tujue tusijue.

Nguvu zake hazikuwa na kifani. Akiwa kijana alizishika pembe za nyati aliyekuwa akiwatawanya wachota maji, akaiinamisha shingo yake hadi mnyama akapiga magoti, kisha akamwachia aende zake. Wapo wanaowaambia watoto kwamba aliwahi kumbeba kifaru begani akapanda naye mlima. Hao waacheni na uongo wao, maana aliyoyatenda kweli yanatosha na kusaza.

Basi watu wa zama hizo waliwinda kama watu wanaohama kesho. Walichoma nyika ili wanyama watoke, wakakata misitu ya chemchemi, na ilipokuja njaa hapakuwa na swala wa kuwinda wala kijito cha kunywa. Walipozinduka, wazee wa koo walikaa wakaitenga nchi yote iliyo kati ya mlima na mto, wakaiita Mtengo, wakasema mkuki usiingie humo, wala shoka, wala moto. Wakisha kusema hivyo wakaenda zao kulala, na mikuki ikaendelea kuingia.

Ndipo Senkondo aliposimama mbele ya koo zote akasema kwamba yeye atakuwa mlinzi, na aliye tayari amfuate. Wakamfuata wachache, na miongoni mwao Kisaka, mtu mkali, mnyoofu, asiyejua kucheka. Aliwafundisha kumkamata mtu mwenye mkuki bila kumwaga damu yake, na aliwafundisha kufuata nyayo kwa kutembea ubavuni mwa nyayo hizo, wasizikanyage kamwe, ili anayekuja nyuma naye azione na kuzithibitisha kwa macho yake. Kisha akatamka sheria mbili, nazo ndizo hizi tulizorithi.

"Atakayeua ndani ya Mtengo atavushwa mto, hatarudi, na jina lake halitatajwa tena na kinywa cha Mkirindi. Lakini atakayepotea, ndani au nje ya Mtengo, awe mchungaji, awe mgeni, awe mwizi, atatafutwa kwanza, naye ataitwa kwa jina lake mpaka aitike au apatikane."

Alizishika sheria hizo miaka mingi. Aliwatoa warina asali katikati ya moto wa nyika, mmoja mgongoni na mwingine kwapani. Aliingia katika shimo la mtego akamsukuma mtoto wa tembo hadi juu, huku mama yake amesimama ukingoni akimtazama, na wote watatu wakaachana kwa amani. Aliwakamata majangili wa ng'ambo ya kilima, kundi zima, akawaleta kiwanjani wakiwa hai na wenye aibu. Na chemchemi zikarudi, na pofu, wale swala wakubwa kuliko wote, wakaonekana tena wakishuka kunywa asubuhi kweupe.

Ila kazi ile ilimla. Mke alimfia bila mtoto, na ng'ombe aliowarithi kwa Kadeghe aliwagawa mmoja mmoja kwa nyumba za walinzi walioumia, hata zizi lake likabaki miti mitupu. Hakulalamika. Alikuwa na dada yake Nakiete, na Nakiete alikuwa na mwana aliyeitwa Mndeme, mtu mzima mwenye mke na watoto, na Senkondo alimpenda Mndeme kuliko roho yake.

Mnaijua desturi yetu ya mjomba na mpwa. Mpwa akiingia kwa mjomba wake akafungua zizi, akaondoka na fahali bila kuomba, hakuna atakayemwita mwizi; mjomba atacheka, na asipocheka watu watamcheka yeye. Mndeme alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza, na ukame ulikuwa umewamaliza mbuzi wake. Alikwenda kwa mjomba wake akakuta zizi tupu. Akasimama pale akafikiri, na fikra zake zikamwambia kwamba mjomba hakuwa maskini hata kidogo, kwamba zizi lake lilikuwa kubwa kuliko mazizi yote, na wanyama wake ndio wale aliokuwa akiwachunga mchana kutwa kati ya mlima na mto. Basi akachukua mkuki, akaingia Mtengoni akaua pofu, na moyo wake haukumsuta. Ni Mkirindi peke yake awezaye kukosea hivyo.

Walinzi waliwaona tai wakizunguka angani, wakamkuta mnyama amechunwa nusu. Senkondo aliinama juu ya wayo wa kwanza. Mguu ule aliujua, maana ndiye aliyemfundisha kutembea mwenye mguu huo. Kisaka na wenzake walikuwa bado nyuma, na hatua moja tu ingetosha kuufuta wayo ule wasiuone. Alitaka kuukanyaga, msifikiri hakutaka, alitaka kwa mwili wake wote, na jasho lilimtoka kuliko siku ya nyati. Kisha akapita ubavuni mwake, akaendelea mbele.

Nyayo ziliwafikisha mtoni. Mvua ilikuwa imenyesha juu mlimani, na Rufuwe ulikuwa umefurika kwa ghafla, mwekundu, ukibeba miti mizima. Mndeme, aliyekimbia aliposikia baragumu ya walinzi, alikuwa ameshikwa na maji katikati ya kivuko, amekumbatia jiwe, na maji yamemfika kifuani. Kisaka alitazama mto, akasema kwamba mhalifu amekwisha kupata mwamuzi wake, na mlinzi mwema asipotezwe kwa ajili yake. Senkondo alikuwa tayari anajifunga kamba ya ngozi kiunoni.

"Mtu akiwa majini hana kosa," alisema. "Kosa lake linamngoja nchi kavu."

Akaingia. Walinzi walishika kamba, na mto ukamzamisha, ukamtoa, ukamzamisha tena, na gogo likampiga bega hili la kushoto ambalo hakuliinua tena sawasawa maisha yake yote. Alimfikia Mndeme, akamng'oa pale jiweni, akamrudisha mgongoni kama alivyokuwa akimbeba utotoni. Alipomtua ukingoni alimfuta tope machoni, akamwacha avute pumzi, kisha akaifungua kamba kiunoni mwake akamfunga nayo mikono.

Mndeme hakuelewa. Alimwuliza tangu lini mpwa akafungwa kwa kuchukua cha mjomba wake.

"Ungekuta ng'ombe wangu ukawamaliza, ningekushikia kamba," alisema Senkondo. "Mtengo si wangu, mwanangu. Mimi ni mlinzi tu."

Hapo Mndeme akaelewa, na alilia kwa sauti, mtu mzima yule, mbele ya walinzi, akiwataja watoto wake jina kwa jina.

Koo zilikusanyika kiwanjani. Hakuna aliyebishana, pofu alikuwa ameuawa, sheria ilikuwa imetamkwa kinywani mwa yule yule aliyemleta mhalifu, na macho ya wote yalikuwa kwake, wengine wakitaraji angeinyamazia, wengine wakimwonea uchungu. Nakiete aliketi chini, nguo ya majonzi ikiwa imemfunika uso, asimwangalie kaka yake. Senkondo alimwangalia yeye muda mrefu. Kisha akawauliza wazee kama ingali desturi ya Wakirindi kwamba mzigo uliomshinda mpwa, mjomba ana haki ya kuubeba. Wazee walitazamana, wakakubali kwamba ndivyo ilivyo tangu Mrutu. Akawauliza kama desturi imetaja mzigo gani. Wakasema haikutaja.

"Basi nitavuka mimi."

Kisaka, mkali yule, ndiye wa kwanza kusimama kumzuia. Mndeme alijitupa miguuni pa mjomba wake akiomba avushwe yeye. Senkondo alimwinua kwa mkono wake mzima.

"Wewe una watoto, mimi sina. Utashika nafasi yangu na utajifunza kufuata nyayo kwa Kisaka mpaka akuridhie. Na kuanzia leo, Mndeme, Mtengoni huna mjomba."

Asubuhi, maji yalipopungua, alivuka mto mbele ya watu wote, polepole, bila mkuki wala mzigo, bega lake la kushoto likiwa limeinama. Hakugeuka nyuma, na alipofika ukingo wa pili alipanda kilima, na kilima kikamficha. Baadaye walinzi walioruhusiwa kuvuka walifuata nyayo zake hadi kwenye mwamba mpana ulio nyuma ya kilima kile, na pale zikakoma. Kama alikufa huko, hakuna aliyemzika. Kama alipata watu wa kuishi nao, hakuna aliyeleta habari.

Na kwa kuwa sheria ni sheria, jina lake lilifungwa. Nakiete hakulitaja hadi kufa kwake, ingawa watu walimwona akitikisa midomo.

Mndeme alikuwa mlinzi kimya, mwenye bidii. Siku moja mama mmoja mchuma uyoga alipotea Mtengoni kwenye ukungu, na walinzi walimtafuta, wakamwita jina lake bonde kwa bonde, mpaka akaitika. Walikuwa wameanza safari ya kurudi naye nyumbani Mndeme alipoachana nao akashuka hadi ukingoni mwa Rufuwe, akaweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti iliyovuka maji: Senkondo.

Kisaka alimshika mkono, akamkumbusha sheria.

"Simtaji aliyefukuzwa," alisema Mndeme. "Namwita aliyepotea. Nyayo zimekoma, naye hajaitika."

Kisaka aliuachia mkono ule. Kisha akasimama bega kwa bega na Mndeme, naye akaita.

Ndiyo maana hadi leo walinzi wa Mtengo, kila wanapomwokoa mtu, hawaendi kwao kabla ya kusimama mtoni na kuita mtu mmoja zaidi. Wanaita, wananyamaza, wanasikiliza. Hajaitika bado, na sheria yake mwenyewe inatukataza kuacha kumtafuta.