Medali Thelathini

Wapendwa, kabla sijafungua Neno nina mfano. Leo si wa mkulima wala wa mbegu. Ni wa mpira wa miguu, tena mpira wa wanawake. Naona mzee mmoja pale ameshakunja uso. Nivumilie, mzee wangu, sitachukua muda. Na mtu yeyote akisikia jambo analolifahamu, namwomba anyamaze mpaka nimalize.

Kulikuwa na beki mmoja. Binti wa miaka ishirini na sita, akichezea timu ya wanawake ya mji mmoja, ligi kuu. Kazi ya beki mnaijua? Beki hafungi magoli. Yeye anazuia, na kitu kilichozuiwa hakionekani. Goli ambalo halikuingia, nani atalishangilia? Gazeti litaweka picha ya nani? Lakini siku akikosea mara moja, mji mzima unalijua jina lake kabla ya chakula cha jioni.

Binti huyu alivaa jezi namba kumi na nne. Jezi zenyewe zilikuwa za timu ya wanaume, za msimu uliopita, mikono imekatwa kwa mkasi, mgongoni jina la mwanamume fulani limebanduliwa likaacha alama. Mechi zao zilipangwa saa nane mchana, jua la utosini, ili saa kumi uwanja uwe wazi kwa wanaume. Wakienda ugenini walilala madarasani, juu ya madawati yaliyounganishwa. Mechi ya tano goti lake la kulia likaanza kuvimba. Akalifunga kwa kipande cha kanga, akaomba barafu kwa mama muuza juisi nje ya uwanja, akaendelea. Msimu ule ulikuwa na mechi kumi na nane. Zilizobaki hesabuni wenyewe.

Sasa binti huyu alikuwa na mama. Mama alikuwa msukaji wa mikeka, na anasuka mpaka leo, ingawa mtoto wa jicho ameshamfunga macho yote mawili. Anasuka kwa vidole. Binti akirudi nyumbani, mama alimkalisha chini akampapasa miguu, kuanzia vidoleni mpaka gotini, kama anavyokagua ukindu kabla ya kuununua.

"Hiki kidonda kipya," mama anasema.

"Ndiyo, mama. Cha Jumamosi."

"Mwanangu, mimi nikisuka, jioni naushika mkeka wangu. Fundi cherehani anashika gauni. Huo mpira wako una kitu gani cha kushika, ukiacha vidonda?"

"Mwisho wa msimu, mama. Tukichukua ubingwa kuna medali. Nitakuwekea mkononi mwako."

Msidhani mama yule alikuwa na tamaa. Alikuwa amechoka na maneno. Majirani walimuuliza kila wiki binti ataolewa lini na bukta zile. Wengine walimuuliza hapo hapo mlangoni pa kanisa, Biblia ikiwa kwapani. Na yeye haoni, hawezi kwenda uwanjani akashuhudia, hana picha ya kuonyesha. Alitaka kitu kimoja tu cha kuwajibia majirani.

Msimu ukafika mwisho, siku ya Jumatano. Timu ile ilihitaji sare tu iwe bingwa. Dakika ya themanini na nane ikapigwa kona. Kipa akatoka, akaukosa mpira. Mpira unaelekea wavuni, goli tupu, na kwenye mstari yuko nani? Namba kumi na nne, mwenye goti moja. Akautoa kwa kichwa, akajigonga kwenye nguzo ya goli, akaanguka chini. Dakika chache baadaye filimbi ikapulizwa. Bila kwa bila. Mabingwa.

Sasa sikilizeni hesabu, ni rahisi, hata mtoto wa darasa la pili anaiweza. Ligi ilileta medali thelathini. Wachezaji ishirini na wawili, benchi la ufundi watu wanane. Jumla thelathini. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Thelathini, wapendwa. Ninyi msomao Biblia, namba hiyo mlishakutana nayo mahali.

Lakini sisi tuna kitu kinaitwa itifaki. Hakuna shughuli yetu isiyo na itifaki. Hata msibani tunaanza na kutambua wageni, marehemu anasubiri. Basi mshereheshaji akashika kipaza sauti, akaanza kuita kwa heshima. Mwenyekiti wa klabu. Makamu wake. Katibu. Mweka hazina. Mlezi wa timu. Mke wa mlezi. Diwani. Mpambe wa diwani. Na mwisho, mchungaji aliyefungua mechi kwa sala.

Watu tisa. Mmoja mmoja akapanda jukwaani, akainamisha shingo, mgeni rasmi akamvisha, picha ikapigwa. Katika hao tisa, nani alikimbia uwanjani hata hatua kumi? Nawatendea haki: diwani alikimbia kidogo, wingu lilipotanda.

Wakafuata benchi la ufundi, wanane. Hao ni haki yao. Ndipo wakaitwa wachezaji, kwa namba za jezi. Namba moja, kipa. Namba mbili. Namba tatu. Wakaja, wakavishwa, wakashuka. Mpaka namba kumi na tatu.

Namba kumi na nne akapanda ngazi kwa mguu mmoja, mwenzake amemshika kiwiko. Akasimama mbele ya mgeni rasmi. Akainamisha shingo.

Mgeni rasmi akapeleka mkono kwenye sinia. Mkono ukapapasa. Ukapapasa tena. Kwenye sinia kulikuwa na kitambaa tu.

"Hongera sana, binti," akasema, akampa mkono.

Naomba mmtazame binti yule. Shingo bado ameiinamisha, hajui, anasubiri. Mtu anainuaje kichwa kutoka pale, watu wanatazama? Nyuma yake wenzake wanane wameshaelewa, wameanza kugeuka mmoja mmoja. Na mshereheshaji, kwa sauti nzuri kabisa, akasema itifaki imezingatiwa, matarumbeta yapigwe.

Binti hakulia. Alimtafuta mwenyekiti wa klabu karibu na magari.

"Shikamoo, mwenyekiti. Naomba uniazime medali yako siku mbili, nikamshikishe mama yangu. Nitakurudishia."

"Marahaba. Binti, hii ni historia. Historia haiazimwi." Akapanda gari.

Akamtafuta mchungaji. Kwa nini mchungaji? Kwa sababu anamjua. Alimbatiza.

"Shikamoo, baba mchungaji."

"Marahaba, binti yangu. Mmetupa heshima kubwa leo."

"Asante, baba. Nilikuwa naomba kuazima medali yako. Mama akiishika tu, inatosha."

"Ningekupa kabisa, lakini Jumapili naipeleka kanisani, washarika waione."

"Nitairudisha Jumamosi."

"Vitu hivi hupotea njiani, binti yangu."

"Haya, baba."

Akaondoka anachechemea. Mchungaji akaingiza mkono mfukoni, akahakikisha iko.

Nyumbani mama alikuwa amekaa barazani, viganja vimefunguka mapajani. Alishasikia redioni kwamba wameshinda.

"Weka," akasema.

"Medali ziliisha, mama."

"Ziliishaje? Wewe umeona harusi gani pilau inaisha bibi harusi hajala?"

"Ziliisha, mama. Zilifika kwangu zikawa zimeisha."

 Mama akasema, "Kumbe ulikuwa huchezi. Msimu mzima ulikuwa unakaa benchi, ukija hapa unaniambia umecheza. Hata vidonda sijui umevipata wapi." Akafunga viganja, akauvuta ukindu wake. Siku nne hakumgusa mwanawe miguu.

Je, mama alikosea? Ninyi mngeamini? Mimi kwa kweli nisingeamini. Akili yake ilikuwa sawasawa, wenye kasoro tulikuwa wengine.

Jumapili ikafika. Binti hakwenda kanisani, goti lilimzuia kupanda ngazi za kanisa. Mama alikwenda, jirani akamshika mkono, akakaa benchi la pili karibu na nguzo. Baada ya matangazo mchungaji akaitoa medali mfukoni, akainyanyua juu. Akasema Bwana ameutembelea mji wetu. Vigelegele vikapigwa. Wale wale waliouliza habari za bukta, siku hiyo ndio waliopiga kwa nguvu. Mchungaji akafurahi, akasema medali ipite mkono kwa mkono, kila mmoja aiguse apate baraka.

Ikapita benchi la kwanza. Ikafika la pili. Ikawekwa kwenye kiganja cha mama yule.

Mama akaishika. Akaipapasa upande mmoja, akaigeuza, akafuata utepe wake kwa vidole mpaka mwisho.

"Ni kitu gani hiki?"

"Medali," jirani akamwambia. "Ya ule ubingwa wa mpira."

"Ya mchezaji yupi?"

"Si ya mchezaji. Ni ya mchungaji."

 Mama akasema, wala hakupaza sauti, ila kanisa lilikuwa kimya: "Kumbe mwanangu hakunidanganya."

Na kule nyuma, mtu ambaye hakuelewa kitu akaitikia, "Amina."

Sasa mmenyamaza. Hata mzee wangu ameacha kukunja uso. Nimeuita mfano, wapendwa, kwa sababu ya woga. Nilikaa na karatasi juzi nikajaribu kuandika "mimi" nikashindwa, nikaandika "mchungaji mmoja". Mchungaji huyo ni mimi. Jumapili hiyo ni Jumapili iliyopita. Medali hii hapa, na karibu wote mliomo humu mmeishika. Benchi la pili, karibu na nguzo, leo pako wazi. Msigeuke kutazama, mmeshapaona.

Na hesabu nimeirudia mara nyingi wiki hii. Tisa tukatwaa, tisa wakakosa. Kumi na tatu wa mwanzo wakapata. Kama mimi ningebaki kwenye kiti changu, nikasema hapana, mimi nilisali tu, sinia lingekuwa na medali moja zaidi. Ingefika kwa nani? Ingefika kwa namba kumi na nne. Kwa yule aliyeinama. Sikuchukua medali ya timu, wapendwa. Nilichukua ya yule mmoja, ambaye kichwa chake nilikimwagia maji ya ubatizo kwa mkono huu.

Jumatatu nilikwenda kwao. Sikutuma mzee wa kanisa, nilikwenda mwenyewe. Nikakaribishwa mkeka mpya, binti akaniletea chai, akaniamkia kama kawaida, akakaa pembeni mguu ameunyoosha. Mama alikuwa anausugua mguu ule kwa mafuta ya nazi. Nikasema maneno mengi. Kazi yangu ni maneno, ninyi mnanijua. Nikaitoa medali nikasema, mama, nimekuja kumvisha mwenyewe.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mchungaji, kaa nayo. Leo ukimvalisha hapa barazani itakuwa zawadi yako, na tutalazimika kukushukuru. Mwanangu hakuomba zawadi."

Nikamtazama binti. Akasema, "Kunywa chai, baba, itapoa."

Nikanywa. 

Sasa sisi. Nisiwasaidie kudhani mfano huu ni wa mchungaji peke yake. Pale nje kwenye ukuta kuna jiwe la msingi. Limeandikwa majina saba, la kwangu la tatu. Ninyi akina mama mliopanda kilima hiki na ndoo za maji kichwani miezi minne, jina la nani kati yenu limo? Tukila shambani mwa usharika, meza ya kwanza ni ya nani, na aliyelima anakula saa ngapi? Tunasema ni heshima, ni utaratibu. Hakuna aliyeiba, wote tuliitwa kwa majina tukapanda. Ndiyo maana hatuoni aibu. Ukiitwa kwa heshima kwenda kuchukua cha mwenzako, unakwenda umenyoosha koti.

Na ubaya wake hauishii kwenye kunyimwa. Mama alimwita mwanawe mwongo kwa siku nne. Sisi tulivaa, yeye akaonekana hakufanya kazi. Mtu anafanya kazi ya msimu mzima, halafu kwa sababu shingo ni tupu hata aliyemzaa hamwamini. Hilo nitalirudishaje? Medali ninayo mfukoni, naweza kuitupa, naweza kuirudisha kwa ligi na barua. Siku nne zile nitazirudisha kwa barua gani?

Kwaya, naomba msisimame. Leo hatutaimba baada ya hapa, wala sadaka haitapita. Tutakaa kimya kwa muda, na kila mmoja wetu apapase shingo yake, kwa vidole, kama mama yule, mpaka ajue alichovaa ni cha nani.

Na tafadhali, leo mtu asiitikie Amina.