Homa Iliyomaliza Ukoo

Ndugu zangu, leo nina mfano, na si wa kuchekesha. Wenye watoto wanisikilize vizuri.

Kulikuwa na mama mmoja, mjane, aliyeishi katika mji ambao hakuzaliwa. Alifika hapo akiwa bado kijana, amevuka mpaka kwa miguu na mtoto mchanga mgongoni. Kwao, nchi ya vilima, kulikuwa kumetokea yale ambayo nyote mnayajua kwa jina: mauaji ya kimbari. Mume, wakwe, mashemeji, wote walikuwa wamekwisha. Alibaki yeye na kale kasichana.

Msichana alipoanza kuongea, akauliza wanachouliza watoto. Babu yuko wapi? Mama akajibu, alikufa kwa homa. Na bibi? Homa. Na baba? Homa, mwanangu, kula chakula chako.

Msimlaumu haraka. Nyinyi mngemwambia nini mtoto mdogo vile? Mama alitaka mtoto alale usingizi. Akajiambia, akikua nitamweleza. Mtoto akakua, akamaliza shule, akawa fundi cherehani wa kutegemewa, na mama bado anasubiri siku nzuri ya kuongea. Siku nzuri ya kuongea habari kama hiyo, nani kati yenu amewahi kuiona? Mimi sijaiona.

Kisha akatokea mchumba, kijana mpole, anampenda binti kweli. Lakini desturi mnaijua: kabla ya posa, ukoo unachunguzwa. Shangazi wa kijana akafunga safari, akakaribishwa chai, na baada ya salamu ndefu akaingia kwenye lililomleta.

"Mwanangu, usinione mbaya, ndiyo kazi yetu sisi mashangazi. Baba yako alikufa na nini?"

"Homa, shangazi," binti akasema bila wasiwasi wowote.

"Pole. Na babu?"

"Homa."

"Na baba zako wadogo?"

"Wote homa. Mwaka huohuo."

Shangazi akaweka kikombe chini, chai bado imejaa. Akamtazama mama. Mama angeweza kusema palepale. Badala yake akauliza kama chai imepungukiwa sukari.

Mnaguna. Guneni tu, nami niliguna.

Shangazi aliaga kwa adabu zote. Wiki haikuisha, ujumbe ukaja: wameona wasubiri kwanza. Maana ya kusubiri kwanza sina haja ya kuwafafanulia.

Mama alitegemea binti atalia. Hakulia. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, akaendelea kuchambua.

"Wamefanya vizuri, mama," akasema. "Hata mimi ningekataa. Tangu nikiwa mdogo, kichwa kikiniuma kidogo tu, nasema haya, homa imenifikia. Siolewi, wala sizai. Nizae watoto niwazike?"

Mama akaja akaketi kando yake. Ile hofu aliyomkinga nayo mtoto miaka yote, kumbe mtoto alikuwa analala nayo kitanda kimoja, ila imebadilishwa jina. Hapo ndipo alipofungua mdomo.

"Hakuna homa, mwanangu. Haikuwepo hata siku moja. Waliuawa."

Akamsimulia. Babu yake aliposikia watu uani alivaa koti lake la Jumapili, akasema hawa ni majirani, nitaongea nao. Na walikuwa majirani kweli. Wakawaita watu wa nyumba ile mmoja mmoja kwa majina, hata jina la utani la shemeji mdogo walilijua, maana walikua naye. Mume akamsukuma mama mlango wa nyuma na mtoto wake. Mama akajitupa kwenye shamba la mtama, akalala humo amemziba mtoto mdomo kwa kiganja, na kila jina lililoitwa alilisikia.

"Mwisho wakaita langu," akasema. "Kisha wakaita na lako. Ulikuwa huna hata jino."

Sasa binti akalia. Alilia mpaka ungo ukamponyoka, maharage yakatawanyika chumba kizima, na hakuna aliyeinama kuyaokota.

"Kumbe damu yangu haina kitu," akasema.

"Haina kitu, mwanangu. Ni nzima."

Mngependa niishie hapo, turudi nyumbani na faraja. Lakini binti alijifuta uso, akauliza tena.

"Hao majirani, walikuwa na watoto?"

"Walikuwa nao. Wengine rika lako."

"Wewe uliyeumizwa umenidanganya miaka yote hii kwa kunihurumia. Wao walioumiza, wamewaambia nini watoto wao?"

Mama akainama, akaanza kuokota maharage.

Mimi jibu sina, na ndiyo sababu nimesimama hapa. Posa haikurudi, kama mlitaka kujua. Kijana alioa kwingine. Lakini swali la binti limebaki, na ni letu sisi. Kwenye mabenchi haya wameketi watu waliovuka mpaka kutoka pande zote. Wamo waliokimbia, na wamo waliokimbiwa. Tunapeana mikono kila Jumapili, tunaulizana hali za watoto. Tumewaambia nini hao watoto? Kwamba ni mambo ya zamani? Kwamba ilikuwa vita tu, kila mtu alipoteza? Shule itawapa tarehe, na tarehe wataijibu kwenye mtihani, basi. Mtoto anaelewa anapomsikia mama yake mzazi, kwa sauti ileile inayomwita kula, akitaja jina la mtu na namna alivyokufa.

Wewe uliyeona, sema, hata kama sauti itatetemeka. Na wewe uliyefanya, au uliyesimama ukatazama, sikutazami, unajijua. Wewe ndiye unayepaswa kuharakisha zaidi. Maana mtoto asiyejua baba yake alitoka kwenda wapi siku ile, akija mtu mwingine kumwita kama baba yake alivyoitwa, naye atainuka amfuate.

Leo sitaki amina. Nendeni nyumbani, waiteni watoto, mfunge redio, muanze.